Nilisalimia Fagaloto kwa Heshima za Sapuna

Mpendwa Mama Aloema,

Nakuandikia nikiwa nimejifunika shuka mpaka kichwani mchana kweupe, maana nyumba zetu hizi hazina kuta na kila anayepita barabarani anapunguza mwendo ili anione, naomba unisaidie na naomba sana jina langu lisitoke gazetini, mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na moja, nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku kisiwani Savaii, Samoa, sinywi, sigombani na mtu, kanisani naimba besi, na bado yamenikuta haya.

Baba yangu mkubwa, Talosaga wa kijiji cha Vaisulu, ndiye msemaji wa ukoo wetu, kijiji kikialikwa mahali ndiye anayesimama uwanjani na fimbo mkononi na mgwisho begani akawasalimia wenyeji kwa heshima zao, moja baada ya nyingine, kila ukoo kwa jina lake na nafasi yake, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto na kifua kimeanza kumsumbua, familia ilikaa ikaamua atakayepokea fimbo ni mimi kwa sababu nina sauti, basi nikaambiwa niende nikajifunze kwake. Mama Aloema, unajua wazee wetu wanavyofundisha? Hawafundishi! Siku ya kwanza nilifika nimenyoa, nimevaa shati jipya, akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akanywa kakao yake mpaka ikaisha, akaangalia bahari, akapiga miayo, akasema, "Haya, kesho tena." Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kazi yangu ikawa kumkanda miguu, kumlisha nguruwe wao jike, yule aliyechanwa sikio na mbwa, na kukaa nyuma yake kwenye vikao vya wakuu wa koo nikiwa bubu. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza:

"Bamkubwa, leo tunaanza somo gani?"

"La jana umeshalimaliza?"

"La jana lipi? Jana si tulikaa tu?"

"Basi hujalimaliza."

Sasa mtu atajifunza lini kwa mwendo huo? Ndipo nikaingia mtandaoni nikakuta kundi linaitwa Wasemaji wa Kesho, lina maelfu ya watu, wako Auckland, wako Brisbane, wako mpaka Utah kwenye theluji, na kiongozi wao ni Profesa Tavita, huyo anarekodi masomo yake gereji kwake Brisbane, nyuma yake inaonekana mashine ya kufulia, lakini maneno yanavyomtoka utasema mvua, na yeye hasemi "kaa", yeye somo ni dakika tatu na limeisha na unajisikia umepata kitu. Nikasoma Mbinu Saba za Kushinda Msukumano, maana unajua kabla ya hotuba wasemaji wa upande mmoja husukumana kwa maneno ya adabu nani asimame, na mdogo ndiye huachia, lakini Profesa anasema anayeachia ni mnyonge na dunia haina habari na mnyonge. Nikasoma Salamu za Kijiji Zinazofaa Kila Mahali. Nikaanza na mimi kujirekodi nyuma ya duka nikiwa nimeshika mpini wa jembe badala ya fimbo, nikarusha, watu wakanimiminia mioyo na ndimi za moto, dada mmoja wa Auckland akaandika kwamba nimemtoa machozi akiwa kazini. Mama, Bamkubwa hajawahi kutoa hata nusu chozi kwa ajili yangu. Kuanzia hapo sikukosa somo, nikawa namkanda mzee miguu huku sikio moja lina spika, namlisha nguruwe huku macho yako kwenye simu, sikupoteza hata dakika.

Mtu mmoja tu alikuwa ananikera humo kundini. Anajiita Nazi Kavu, hana picha yake, ameweka picha ya nguruwe wa sikio lililochanika amelala chini ya mshelisheli, na kila nikirusha kitu, ikishapita saa ya sala ya jioni, huyo anakuja na maneno yake. "Mkono wa fimbo unacheza, unafukuza kuku?" "Umemeza nusu ya neno." "Anza na masikio, mdomo utafuata." Hanisifu hata siku moja. Usiku wa kuamkia safari ya kijiji cha Fagaloto, walikotualika kufungua paa jipya la kanisa, nilirusha hotuba nzima niliyoipanga, nikiwa nimeshaipima hata kwa ile programu ya simu inayojibu kila kitu, ikaniambia ni hotuba yenye mvuto na inafaa kwa hadhira yoyote, watu wakaipenda kupita kiasi, na huyo Nazi Kavu akaandika, "Hizi ni heshima za Sapuna. Ukizisema Fagaloto utatuvua nguo." Nikasema huyu ana wivu, nikambloku, nikalala vizuri.

Kesho yake tukafika Fagaloto, tukakaa kwenye nyasi upande wa wageni, nami nilikuwa nimeshamwomba binamu yangu Lise arushe moja kwa moja kwenye mtandao ili Profesa anione. Wasemaji wetu tulikuwa watatu, mmoja akaachia mapema, tukabaki mimi na Bamkubwa. Akasema, "Mwanangu, kaa. Leo nitasimama mimi." Nikajua huu ndio msukumano wenyewe, nikamjibu kwa mbinu ya nne, kwamba kifua chake ni hazina ya kijiji na haifai kipigwe na jua. Akarudia taratibu, "Kaa, mwanangu." Nikamshushia mbinu ya sita. Mara ya tatu alinitazama tu akanipa fimbo, na mimi moyoni nikasema nimemshinda Talosaga.

Nikasimama. Mama Aloema, sauti ilitoka, Mungu ni shahidi. Nikasema, "Enyi Nyumba ya Watu Tisa! Na wewe uliyeketi penye mlango wa mto!" Watu wakanyamaza kimya, nikajua nimewashika. Fagaloto haina mto, lakini mimi wakati ule sikuufikiria mto, nilikuwa nafikiria pumzi. Nikaendelea, nikausifu na mtumbwi wao mrefu usioshindwa, kumbe mtumbwi huo ni wa Sapuna, ndio uliowashinda Fagaloto kwenye mashindano ya sikukuu ya Uhuru kwa namna ambayo Fagaloto mpaka leo wanasema ni wizi, na vijiji hivyo viwili hata mkate haviuziani. Kutoka upande wa wapishi mama mmoja akapaza sauti, "Jamani, huyo mwambieni Sapuna ni kule mbele, bado hajafika!" Watu wakacheka, na mimi nikadhani wanashangilia, nikapandisha sauti.

Nilipomaliza, msemaji wa Fagaloto, mzee mfupi mwenye mvi, hakukasirika hata kidogo. Akasimama akasema, "Tumezipokea salamu zenu. Ni nzuri sana. Tutawapelekea wenyewe." Akakaa. Wapishi wakaanza kufunika vyungu.

Ndipo Bamkubwa akanyanyuka, akatembea na magoti yake yale mpaka katikati ya uwanja, akaketi chini kwenye jua, akajifunika kichwani mkeka ule laini tuliokuja nao kama zawadi, kama anavyofanya mtu aliyekuja kuomba radhi ya damu, akakaa hivyo hivyo. Tulikuwa tunaona mkeka ukitikisika akikohoa. Mimi nimesimama na fimbo kama mwizi, na Lise bado anarusha. Walimwacha jua likazunguka, halafu yule mzee mfupi akaenda akaufunua mkeka, akamshika mkono. Tulirudi nyumbani nyuma ya lori na njaa zetu.

Tangu siku hiyo fimbo iko juu darini na Bamkubwa hanisemeshi. Mkewe, Mamkubwa Sieni, ananiwekea chakula anaondoka, hata kununua vocha hanitumi tena, yeye ambaye kila Ijumaa ilikuwa lazima nimnunulie bando la wiki nzima, sijui mwanamke wa umri ule alikuwa anatazama nini. Kazini wananiita Mlango wa Mto. Mwezi ujao Fagaloto wanakuja kwetu kurudisha ziara, na lazima mtu asimame awapokee, kifua cha Bamkubwa kimezidi, na familia imeanza kusema fimbo apewe ndugu yetu wa Auckland ambaye hata mtandaoni anaandika kwa Kiingereza. Na mimi Mama nilikuwa nayataka yale maneno kweli, toka mtoto, Bamkubwa akisimama uwanjani nilikuwa nasisimkwa mwili mzima, nikisema na mimi siku moja.

Profesa Tavita ameniandikia kwamba hotuba haikuwa na kosa, ila hadhira haikuwa tayari, na amenikaribisha kwenye kozi yake ya ngazi ya juu. Wengine kundini wananishauri nirushe video ya kujieleza. Mama Aloema, nichukue kozi, nijieleze, au nihamie tu Brisbane nikabebe matofali kama wenzangu?

Wako,
Aliyejifunika Shuka, Savaii

---

Mpendwa Uliyejifunika Shuka,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Umenitajia kijiji, baba mkubwa, mkewe, binamu, duka na nguruwe, na video yako imetazamwa na kila Msamoa mwenye chaji kwenye simu, lakini jina sijalitoa, kwa hiyo kuwa na amani.

Pole sana. Nasema kwa dhati, kwa sababu kusimama mbele ya watu na sauti nzuri na maneno ya watu wengine ni adhabu ambayo simwombei mtu. Pole imeisha. Sasa tuzungumze.

Unasema wazee hawafundishi. Kwa mwezi mzima na zaidi umekalishwa nyuma ya Talosaga kwenye vikao vya wakuu wa koo, mahali ambapo vijana wa Auckland wangeuza gari ili wapate kupasogelea. Wageni waliingia wakatoka, wakasalimiwa, wakasalimu. Unafikiri hakuna hata siku moja heshima za Fagaloto zilipotamkwa mbele ya pua yako? Zilitamkwa, bwana. Wewe ulikuwa na spika sikioni unamsikiliza mtu wa Brisbane akikufundisha namna ya kusikiliza. Somo la mzee lilikuwa "kaa", na ulilifeli ukiwa umekaa.

Nimekwenda kumtazama Profesa wako, maana kazi hii ina mateso yake. Nimetazama masomo mengi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Maneno anayo, siwezi kumdhulumu. Shati analo pia. Mashine ya kufulia nyuma yake inafanya kazi vizuri na ndiyo pekee mle ndani ambayo haijigambi. Lakini hukujiuliza jambo dogo: kwao ni wapi? Kwenye video yake ya tatu tu, kama ungetazama kitu kingine mbali na mikono yake, anasema bibi yake alizaliwa Sapuna. Masikini ya Mungu, amefundisha alichokisikia nyumbani kwao. Kwake yeye, kila mahali ni Sapuna. Akakipa kichwa cha habari cha kufaa kila mahali, nawe ukakiamini kichwa cha habari. Heshima za kijiji hazifai kila mahali, mwanangu, ndiyo maana zikaitwa za kijiji. Mtoto wa shule ya Jumapili angekwambia.

Na ile programu inayojibu kila kitu, ikakuambia hotuba inafaa hadhira yoyote. Ndiyo. Ningeibandikia risiti ya saruji kutoka dukani kwenu, ingeniambia ina mvuto. Wewe ulitaka kusifiwa, ikakupa. Ilifanya kazi yake, usiilaumu.

Mioyo nayo, na ndimi za moto, na dada wa Auckland aliyelia kazini. Nakuuliza: kati ya maelfu yale, nani alikuwa ameketi na wewe kwenye nyasi za Fagaloto? Nani alirudi na njaa nyuma ya lori? Hao wote walikupenda kwa kidole gumba kimoja wakiwa kwenye foleni ya chai. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kupoteza ukikosea. Mwenye cha kupoteza alikuwa anakuambia "kaa, mwanangu", mara mbili, mbele ya kijiji kizima, na wewe ukamrushia mbinu ya sita. Ya sita! Mzee anakuomba kwa sauti ya chini ujiokoe wewe mwenyewe na aibu, na wewe unahesabu pointi. Alipokupa fimbo hukushinda kitu. Alikupa kwa sababu kugombania fimbo mbele ya wenyeji ni aibu kubwa kuliko ile uliyokuwa unaelekea kuifanya, na alichagua aibu ndogo. Halafu akaenda akaibeba juani kichwani mwake, na wewe umesimama unaangalia mkeka ukikohoa.

Sasa tufike kwa huyu adui yako, Nazi Kavu, mwenye wivu.

Nataka ukae chini. Kwa mara hii nakuomba ukae kweli.

Kwa hesabu yako mwenyewe, duniani kuna nguruwe jike wa sikio lililochanika mle kundini, na kuna nguruwe jike wa sikio lililochanika nyumbani kwa Talosaga, na wewe umemlisha wa pili kila siku huku unatazama picha ya wa kwanza. Nimeisoma barua yako mara mbili kuhakikisha kwamba hunitanii. Uliuangalia mshelisheli ule? Mimi sijawahi kufika Vaisulu, lakini nahisi kwamba uko nyuma ya jiko la Mamkubwa Sieni, na kwamba wewe huwa unaweka ndoo ya maganda ya magimbi chini yake. Nazi Kavu anakuja ikishapita sala ya jioni. Na nani mwingine anaanza kuwa na nafasi saa hiyo? Nazi Kavu anakuambia uanze na masikio. Umewahi kusikia somo hilo mahali pengine? Na Mamkubwa, yule "mwanamke wa umri ule" ambaye hujui anatazama nini, kila Ijumaa anakutuma bando.

Alikuwa anakutazama wewe, mjinga wangu. Na bando ulimnunulia mwenyewe.

Talosaga simu hana, ama angalau hukunitajia. Basi mimi nakuona wale wawili vizuri kabisa. Vyombo vimeoshwa, sala imekwisha, mzee amejilaza kwenye mkeka na kifua chake, mama ameinua simu karibu na taa, wanakutazama ukipunga mpini wa jembe nyuma ya duka. Mzee anasema neno, mama anatafuta herufi kwa kidole kimoja. "Mwambie mkono unacheza." "Umesema unacheza au unachezea?" "Unacheza. Mwambie anafukuza kuku." Na mama anacheka. Na wewe uko umbali wa kuitika tu, kwenye nyumba isiyo na kuta, umejiziba masikio yote.

Hapo ndipo nakuomba usije ukatoka hapa ukasema Mama Aloema anachukia simu. Simu haina kosa hata chembe. Wale wazee wameitumia kuliko wewe na Profesa wako mkiwekwa pamoja. Uliwafungia kila mlango: ukimkanda mzee umeziba sikio, ukikaa naye macho yako kwingine, ukiulizwa unaitikia "eeh". Wakatafuta mlango mmoja uliouacha wazi, wakajifunza kuandika, wakavaa jina la nazi, wakaingia. Mzee yule hawezi kukukosoa uso kwa uso kama hujamuuliza, hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo, hasahihishi mtu asiyeomba. Kule mtandaoni uliomba. Uliwaomba watu wote duniani waseme wanaonaje, naye akasema. Usiku ule wa mwisho akakuambia neno moja ambalo lingekuokoa, neno ambalo lilikuwa na kijiji ndani yake na jina la kijiji, na hukuhitaji hata kulifikiria, ulihitaji kulisoma tu. Ukambloku ukalala vizuri.

Kwa hiyo maswali yako. Kozi ya ngazi ya juu, hapana. Hata ngazi ya chini umeanguka nayo. Video ya kujieleza, hapana, na nikiiona nitaandika chini yake kwa jina langu kamili. Brisbane ukibeba matofali sina neno, matofali ni kazi ya halali, lakini usiende kwa kukimbia, maana gereji ya Profesa iko huko huko.

Utafanya hivi. Leo utavua hiyo shuka. Aibu ya mtu mzima haifunikwi na shuka, na mkeka uliofaa kuifunika umeshavaliwa na mwenzio. Utakwenda dukani ununue bando la wiki, bila kutumwa, umpelekee Mamkubwa mkononi, na usitoe hotuba. Likipulizwa kombe la bahari la kuitia sala utakuwa umeshaketi ndani, nyuma ya mzee, mahali pako pa zamani, simu imebaki nyumbani kwako. Sala ikiisha utamkanda miguu kwa mikono miwili na masikio mawili. Hatakusemesha. Kaa. Kesho yake pia hatakusemesha, nawe utakaa. Usimwombe radhi kwa maneno mengi, maana maneno yako kwa sasa yana historia mbaya. Siku utakayoona amesogeza mguu wa pili mwenyewe bila kuombwa, hiyo ndiyo ruhusa, na hapo utauliza swali moja tu: "Bamkubwa, Fagaloto wanasalimiwaje?"

Atakuambia. Atakuambia polepole na kwa kukohoa, pengine mpaka nusu, na nusu nyingine kesho. Mwombe ruhusa Mamkubwa akurekodie kwa simu yake, na hapo ndipo simu itakapoingia humo ndani kwa heshima, ikiwa imekuja kubeba kitu cha mwenye nyumba kabla hakijapotea na kifua chake. Isikilize ukiwa dukani, isikilize ukimlisha nguruwe, ila nguruwe umtazame usoni safari hii. Wakija Fagaloto mwezi ujao, kwenye msukumano utaachia mapema kuliko wote. Mzee akisema simama, utasimama. Asiposema, utakaa nyuma yake na utawasikia wakisalimiwa vizuri, na utakuwa umeshinda zaidi ya siku ile. Na mwambie yule wa Auckland asikate tiketi kwanza.

Usiandike kundini kwamba umegundua Nazi Kavu ni nani. Hilo ni lao. Waache nalo.

Ningemaliza hapa, lakini kabla ya kupeleka majibu haya kwa wachapaji niliingia tena kwenye video aliyorusha Lise. Nilitaka nihakikishe mto. Watu wamekucheka pale, wacha mchezo, wamecheka kwa lugha zote, wamekuwekea na picha za mito. Katikati ya vicheko hivyo, tangu jioni ile ile mliyorudi na lori, kuna maneno ya Nazi Kavu. Kila mtu ameyaona isipokuwa wewe, kwa sababu umemfungia, na simu yako inafanya kazi vizuri kabisa. Nakunakilia yalivyo:

"Chekeni mkichoka mlale. Fimbo nilimpa mimi. Sauti ni nzuri. Ni mwanangu, atajifunza."

Mfungulie.

Mama Aloema